Section 8 na orodha za kusubiri: kuingia ni rahisi, kazi ni kubaki

Tuanze na jambo linalowapotezea watu muda kuliko yote: hakuna ofisi inayoitwa Section 8. Hicho ni kifungu cha sheria ya nyumba ya Marekani, kinachosaidia familia za kipato cha chini kulipa kodi ya nyumba, hasa kwa vocha. Mpango wenyewe ulianza mwaka 1974, na pesa zake hutoka serikali kuu kupitia wizara ya nyumba, HUD. Lakini HUD haipokei maombi yako. Anayeyapokea ni mamlaka ya nyumba ya mji, kaunti au jimbo, ambayo sisi huku tunaiita hausingi tu, na hausingi zinazogawa vocha nchi nzima ni zaidi ya 2,000. Kila moja ina orodha yake, fomu yake, vipaumbele vyake na siku zake za kufungua. Kwa hiyo mtu akikwambia "Section 8 imefungwa," muulize: ya wapi?

Mimi niko Kentucky. Nilifika kwa njia ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kama wengi wetu tuliotoka Kongo, na watu wa kanisani huniletea bahasha zao baada ya ibada kwa sababu barua za serikali hazinitishi. Nikizifungua naona jambo lile lile. Ni nadra kumkuta aliyekosa msaada kwa kuwa kipato chake kimezidi. Wengi walistahili, waliomba, waliingizwa kwenye orodha, halafu wakafutwa kimyakimya kwa sababu barua ilikwenda anwani ya zamani au namba ya simu waliyoandika ilikuwa imeshakatika. Ndiyo maana hapa nitasema kidogo kuhusu kujaza fomu na mengi kuhusu yanayofuata.

Unaomba kitu gani hasa

Mtu akiniambia "nimeshaomba nyumba," namuuliza ameomba ipi, maana kuna milango kadhaa na kila mmoja una orodha yake.

Vocha ndiyo inayosifiwa zaidi. Unatafuta nyumba mwenyewe kwa mwenye nyumba wa kawaida, hausingi inamlipa sehemu ya kodi moja kwa moja, na wewe unalipa iliyobaki. Ukihama, vocha inahama nawe. Kwa kuwa kila mtu anaitaka, orodha zake ndizo ndefu kupita zote.

Nyumba za umma ni za hausingi yenyewe. Hapo huchagui sana: unapewa nyumba katika majengo yao, na ukiondoka msaada unabaki kwenye jengo. Watu wetu huziogopa kwa sifa mbaya walizozisikia, na mimi nasema nendeni mkazione kwanza kwa macho yenu. Kuna za kusikitisha, na kuna nyingine ni safi, zina uwanja wa watoto na kituo cha basi mlangoni. Zaidi ya hayo, mara nyingi orodha yake husogea haraka kuliko ya vocha.

Halafu kuna majengo binafsi yenye ruzuku ya serikali ndani yake. Hapa humwendei mtu wa hausingi, unakwenda ofisi ya jengo lenyewe na kujaza fomu pale. Majengo kumi ni orodha kumi. Yapo ya wazee wa miaka 62 na kuendelea, yapo ya watu wenye ulemavu, na vijijini yapo yanayosaidiwa na wizara ya kilimo, jambo ambalo hakuna anayelifikiria kwa sababu nani angeitafuta nyumba kwenye wizara ya kilimo?

La mwisho ni majengo ambayo walioyajenga walipunguziwa kodi ya serikali (tax credit), mpango ulioanza mwaka 1986. Kodi ya kupanga humo imewekewa kikomo lakini haifuati mshahara wako, kwa hiyo ukipunguziwa saa kazini kodi inabaki pale pale. Si msaada mkubwa kama vocha. Hata hivyo kwa familia yenye watu wawili wanaofanya kazi, huku ndiko kunakopatikana nyumba wakati vocha bado ni ndoto. Na mwenye jengo la namna hii haruhusiwi kukukataa kwa sababu tu una vocha, kwa hiyo mbili hizi zinaweza kukutana.

Zile pesa za wakati wa Corona, zilizolipa madeni ya kodi ya miezi mingi, zilikuwa kitu kingine kabisa. Bunge lilitoa zaidi ya dola bilioni 46 kwa awamu mbili, Desemba 2020 na Machi 2021, na mpango ule umekwisha. Bado napigiwa simu na watu wanaozitafuta. Ukiwa na deni la kodi leo na umeshaletewa karatasi ya mahakama, usisubiri orodha yoyote: piga 211, namba ya simu ya kuulizia misaada, eleza kaunti unayoishi, uliza nani anasaidia kodi ya dharura mwezi huu. Ni mashirika, makanisa, wakati mwingine mji wenyewe. Na nenda mahakamani siku uliyopangiwa, hata kama huna hata senti.

Kipato na hadhi ya uhamiaji

Kipimo cha kipato hulinganishwa na kipato cha kati cha eneo lako, na hubadilika kila mwaka na kwa idadi ya watu nyumbani. Kwa vocha, kwa kawaida familia isizidi asilimia 50 ya kipato hicho. Tena sheria inaitaka hausingi itoe vocha mpya tatu kati ya nne kwa familia za kipato cha chini kabisa, yaani karibu asilimia 30 au kiwango cha umaskini cha serikali, chochote kilicho kikubwa. Nyumba za umma zinapokea hadi asilimia 80. Kwa hiyo anayekwambia "unafanya kazi, hutapata" amekudanganya. Familia ya watu saba yenye mshahara mmoja wa ghala au kiwanda cha nyama mara nyingi iko ndani kabisa.

Wanahesabu mshahara kabla ya makato, wa watu wazima wote wa nyumba. Pesa za ulemavu, matunzo ya mtoto na posho za kukosa kazi zinaingia. Fudistempu, yaani msaada wa chakula wa serikali, hazihesabiwi. Mshahara wa mtoto wa chini ya miaka 18 hauhesabiwi. Na pesa unazotuma Uvira au Kigoma kila mwezi, hata kama ndizo zinazomlisha mama yako, hazipunguzwi popote. Nimeshuhudia mzee mmoja akilieleza hilo kwa uchungu mbele ya mfanyakazi wa ofisi, na mfanyakazi akaitikia kwa huruma bila kubadilisha tarakimu hata moja.

Kuhusu karatasi: mkimbizi, mwenye hifadhi na mwenye grinikadi (kadi ya ukaazi wa kudumu) wamo kwenye orodha ya sheria ya mwaka 1980 inayosema nani anaweza kusaidiwa. Familia yenye wenye karatasi na wasio nazo chini ya paa moja imekuwa ikipewa msaada uliopunguzwa kulingana na idadi ya wanaostahili. Sehemu hii ndiyo siasa inayoigusa mara kwa mara, kwa hiyo kama nyumbani kwako kuna mtu mwenye hali ya utata, ongea na wakili wa msaada wa kisheria wa bure kabla hamjaweka saini ya tamko la uraia. Usimuulize jirani, na mimi pia usiniulize.

Majina na tarehe: hapa ndipo watu wetu wanaponaswa

Nitakaa hapa kidogo, maana miongozo ya Kiingereza hailisemi hili.

Sisi tunaotoka Kongo tuna majina matatu ambayo nyumbani hayana mpangilio wa jina la kwanza na la ukoo kama wanavyotaka hapa. Yule aliyekuandika kambini alianza na jina la baba. Aliyekuandika uwanja wa ndege akaliweka mwisho. Ofisi ya soshali (Social Security) ikakosa nafasi ikakata herufi mbili. Basi I-94, ile karatasi ya kuingilia nchini, inasema hivi, kadi ya soshali inasema vile, na kitambulisho cha jimbo kina jina moja mara mbili. Watoto wa tumbo moja wana majina ya ukoo tofauti, jambo ambalo kwetu ni la kawaida na hapa linamfanya mtu wa ofisini aulize kama ni wako.

Kompyuta ya hausingi hulinganisha jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya soshali na kumbukumbu za serikali. Visipolingana, faili lako linawekwa pembeni hadi ulete maelezo. Kwa hiyo kwenye fomu andika jina kama lilivyo kwenye kadi ya soshali, herufi kwa herufi, hata kama limekosewa. Ukitaka kulirekebisha, anza na karatasi ya uhamiaji, kisha ofisi ya soshali, halafu kitambulisho, na mwisho ndipo uwaarifu hausingi kwa maandishi. Ukianzia mwisho utazunguka bila kufika.

Na tarehe ya kuzaliwa. Watu wengi wa kambi wameandikwa kuzaliwa tarehe 1 Januari, tunajua kwa nini. Mume, mke na shemeji wote 1 Januari katika fomu moja humshangaza mfanyakazi asiyetujua. Usione haya na usibuni tarehe nyingine "nzuri zaidi." Iliyo kwenye I-94 ndiyo yako kisheria, iandike hiyo. Mkiitwa kwenye usaili, mwambieni tu kwamba kumbukumbu za vyeti hazikuwepo na kambini kila asiye na cheti aliandikwa Januari.

Jambo jingine: mkalimani. Uliza mapema kama ofisi ina simu ya wakalimani na useme wazi "Kiswahili," na kama unaongea Kibembe au Kifuliiru vizuri zaidi, sema hivyo. Usimtumie mwanao wa darasa la sita. Hajui "pato la kaya" ni nini kwa lugha yoyote, na hapaswi kusikia madeni yenu.

Kuzipata orodha zilizo wazi

Orodha nyingi za vocha zimefungwa kwa sehemu kubwa ya mwaka, nyingine kwa miaka. New York ilifungua yake kuanzia tarehe 3 hadi 9 Juni 2024, ikiwa imefungwa kwa karibu miaka 15, kisha ikachagua majina 200,000 kwa bahati nasibu. Los Angeles ilifungua wiki mbili za Oktoba 2022, na katika maombi yote ikaweka 30,000 kwenye orodha. Kwenye bahati nasibu ya namna hiyo, aliyeomba dakika ya kwanza na aliyeomba siku ya mwisho wako sawa, kwa hiyo usikeshe usiku wa manane ukipambana na tovuti iliyolemewa. Lakini hausingi nyingine hupanga kwa tarehe na saa uliyoomba, na huko dakika zina maana. Tangazo husema ni ipi. Lisome hadi mwisho.

Siri ambayo si siri: huhitaji kuishi mjini humo ili kuomba. Sheria inakataza hausingi kuwafungia watu wa nje orodha ya vocha. Inaweza kuwapa wenyeji kipaumbele, na wengi hufanya hivyo, lakini kukukatalia fomu haiwezi. Kwa hiyo usiombe kwenu tu. Huku kwetu, kwa mfano, ipo Kentucky Housing Corporation inayosimamia vocha katika kaunti nyingi zisizo na mpango wao, na zipo hausingi za miji midogo ambayo hujawahi kuisikia. Miji midogo hufungua mara nyingi zaidi, na watu mbele yako ni wachache. Massachusetts wameunganisha: fomu moja huingia kwenye orodha za hausingi nyingi za jimbo. Angalia jimbo lako kama lina kitu cha hivyo.

Utaratibu ninaowapa watu ni huu. HUD ina ukurasa wenye simu na anwani za hausingi za kila jimbo. Chapisha wa jimbo lako. Chora duara kwenye zile ambazo ungeweza kweli kuhamia, yaani kuna kazi, kuna basi au una gari, kuna shule. Piga simu moja moja na uliza maswali matatu: orodha ya vocha iko wazi? Ya nyumba za umma je? Mnatangaza wapi mkifungua? Andika majibu na tarehe. Rudia kila baada ya miezi michache. Inachosha, najua.

Na sikiliza vizuri: hausingi haitozi pesa ya kuomba vocha wala nyumba ya umma. Ukitafuta kwenye intaneti, tovuti za kwanza kujitokeza mara nyingi ni za matapeli wanaoomba ada ya "usajili" na namba yako ya soshali. Zina bendera, zina tai, zinaonekana za serikali. Tovuti nyingi za hausingi huishia na .gov au .org, lakini hilo peke yake halitoshi, maana .org inaweza kununuliwa na yeyote. Anza na ukurasa wa HUD ufuate kiungo kutoka hapo. Yupo pia yule ndugu yetu wa hapa hapa anayesema ana mtu ndani ya ofisi na kwa dola mia tatu atakusogeza mbele. Hana mtu. Majengo binafsi yanaweza kudai ada ndogo ya kuangalia historia yako, hiyo ni tofauti, nawe udai risiti.

Kujaza

Fomu ya kwanza huwa fupi: majina, tarehe, namba za soshali, kipato, anwani, maswali ya kipaumbele. Hawataki nyaraka bado. Hizo zitaombwa jina lako litakapokaribia, lakini anza kuziweka kwenye bahasha moja leo: kadi za soshali, vyeti vya kuzaliwa, I-94 au grinikadi, karatasi za mshahara za karibuni, barua za posho, taarifa za benki.

Usikimbie maswali ya kipaumbele. Hapo ndipo familia moja inaipita nyingine kwa mamia ya nafasi. Hausingi hujiwekea vyake: asiye na makazi, aliyekimbia ukatili wa nyumbani, mwenye ulemavu, mzee, mwanajeshi wa zamani, mwenyeji, anayefanya kazi. Watu wetu hujibu "hapana" kwa aibu. Mama anayelala sebuleni kwa dada yake na watoto wanne husema ana makazi, maana kwetu kukaa kwa dada ni kukaa nyumbani. Kwa baadhi ya ofisi hali hiyo ina kipaumbele, kwa nyingine haina. Soma maelezo yao, na kama hali yako inaangukia humo, weka alama. Ukidai kisicho kweli watakitambua kwenye uhakiki na utashushwa au kutolewa.

Mwishoni mfumo hukupa namba ya uthibitisho. Ipige picha, ichapishe, mtumie pia mtu mmoja unayemwamini. Bila namba hiyo kuingia tena kuangalia nafasi yako ni mateso.

Miaka ya kusubiri

Ukweli ni kwamba takribani familia moja tu kati ya nne zinazostahili ndiyo inayopata msaada wowote wa kodi kutoka serikali kuu. Sheria inatoa haki ya kuomba. Haitoi haki ya kupata, tofauti na fudistempu. Ndiyo sababu ya foleni.

Katika muda huo hausingi husafisha orodha. Hutuma barua, au siku hizi barua pepe, yenye swali moja: bado unataka? Unapewa siku chache za kujibu, na usipojibu jina linafutwa. Bahasha yenyewe haina lolote la kukushtua. Ni nyeupe, nyembamba, ina dirisha dogo la plastiki, inafanana kabisa na matangazo ya bima ya gari. Nimeitoa moja kwenye rundo la karatasi za pizza juu ya friji ya jirani, bado haijafunguliwa, siku zikiwa zimebaki mbili. Fungua kila bahasha yenye jina la hausingi au la kaunti. Usiyoielewa, ipige picha umtumie mtu siku hiyo hiyo.

Anwani ndiyo roho ya jambo hili. Ukihama, posta hupeleka barua zako anwani mpya kwa muda tu, na baadhi ya hausingi huandika kwenye bahasha kwamba isihamishwe bali irudishwe. Kwa hiyo kuhama ni siku ya kuziarifu orodha zote, kabla hata ya kufungua maboksi. Kama unahamahama, tumia anwani ya mtu asiyehama: mchungaji, shangazi mwenye nyumba yake, au sanduku la posta. Barua pepe iwe yako mwenyewe, yenye neno la siri ulilolikariri, isiwe ya mfanyakazi wa shirika lililokupokea, kwa sababu yule baada ya mwaka hayupo. Jamaa mmoja alisubiri miaka mitatu kumbe barua zote zinakwenda kwenye sanduku la mfanyakazi aliyekwisha kuacha kazi.

Weka daftari. Kila orodha ukurasa wake: jina la ofisi, tarehe ya kuomba, namba ya uthibitisho, neno la siri, simu, na kila ulichowaambia. Mtoto akizaliwa, mke akifika, kijana akihama, mshahara ukibadilika, waarifu kwa maandishi na ubaki na nakala. Ukipeleka kwa mkono, omba wagonge muhuri wa tarehe kwenye nakala yako. Mfanyakazi anaweza kukunja uso. Mwache akunje.

Kukubali nyumba ya umma hakukuondoi kwenye orodha ya vocha, na kuikataa pia hakukuondoi. Kanuni za HUD zinasema hivyo. Watu huogopa kuingia nyumba ya umma wakidhani wataipoteza vocha, wakaendelea kulipa nusu ya mshahara kwa nyumba yenye panya.

Jina likiitwa

Utaitwa kwa usaili na uhakiki. Nenda na ile bahasha, nenda mapema, na kama zamu yako ya kazi inagongana na siku hiyo, piga simu kabla uombe siku nyingine. Kutotokea bila taarifa ni njia ya haraka ya kufutwa.

Ukipewa vocha, saa inaanza kukimbia. Una angalau siku 60 za kupata nyumba. Omba nyongeza kwa maandishi kabla hazijaisha, ukiorodhesha nyumba ulizotembelea na waliokukatalia. Familia kubwa waombe mapema, kwa sababu nyumba za vyumba vinne ni chache kila mahali.

Hesabu yake ni hivi. Chukulia kipato chenu cha mwezi baada ya punguzo la watoto na mengineyo ni dola 2,000. Sehemu yenu ni asilimia 30, yaani dola 600. Kama kiwango cha hausingi, yaani kodi ya juu inayoitumia kupiga hesabu, kwa ukubwa wa familia yenu ni 1,400, na nyumba pamoja na umeme na maji ni 1,400, hausingi italipa 800. Mkipenda nyumba ya 1,550, ile 150 ya juu ni yenu: 750. Lakini mnapoingia hamruhusiwi kuvuka asilimia 40, ambayo hapa ni 800, kwa hiyo nyumba ya 1,650 itakataliwa hata mkilia. Mwenye nyumba akisema mmpe mia mbili pembeni bila hausingi kujua, ondokeni. Ni kosa, na vocha ndiyo inayopotea.

Wenye nyumba wengine hawataki vocha. California na Massachusetts sheria inawakataza kukukataa kwa sababu hiyo tu. Kwetu Kentucky ni kinyume: mwaka 2024 bunge la jimbo lilizuia miji kuwalazimisha wenye nyumba kupokea vocha. Basi usianze simu na neno vocha. Uliza kwanza nyumba ipo, ina vyumba vingapi, inaonwa lini. Kutaneni ana kwa ana, muonekane familia, kisha mweleze kwamba sehemu kubwa ya kodi itamfikia kila mwezi kutoka serikalini. Weka akiba ya dhamana, kwa sababu kwa kawaida vocha hailipi hiyo.

Usisaini mkataba wala usihamishe godoro kabla hausingi haijaikagua nyumba na kuikubali. Wanaangalia vitambua moshi, madirisha yanayofungwa, maji ya moto, nyaya. Nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 na nyinyi mna mtoto wa chini ya miaka sita, wanaangalia rangi inayobanduka, kwa sababu ya madini ya risasi. Pita mwenyewe kabla yao, bonyeza vitambua moshi, funga na fungua kila dirisha, umwambie mwenye nyumba arekebishe mapema. Nyumba ikifeli ukaguzi mara mbili, mwenye nyumba anachoka na siku zako zimekwisha.

Ukikataliwa

Hausingi ikikunyima vocha lazima ikuandikie sababu na njia ya kuomba uamuzi upitiwe upya. Barua ina tarehe ya mwisho, na ni fupi. Andika mistari miwili tu: "Sikubaliani na uamuzi wa tarehe fulani. Naomba mapitio." Weka saini, ipeleke, gongesha muhuri kwenye nakala. Ushahidi utaandaa baadaye, na hapo ndipo umtafute wakili wa msaada wa kisheria. Sababu nyingi zinajibika: deni la zamani la hausingi nyingine linaweza kulipwa kidogo kidogo, kosa la jina linaelezwa kwa nyaraka, kesi ya mahakama ni ya mtu mwenye jina kama lako. Na kama ulifutwa kwenye orodha ya vocha kwa kutojibu barua, na chanzo kilikuwa ulemavu au ugonjwa mkubwa wa kudumu wa mmoja wenu, kanuni inaitaka hausingi ikurudishe pale pale ulipokuwa. Barua ya daktari iambatane na ombi hilo.

Jambo la kujua kabla hujaomba mji wa mbali: kama si wewe wala mwenzi wako mliokuwa mkiishi eneo la hausingi hiyo mlipojaza fomu, inaweza kuwataka mkae kwenye eneo lake miezi 12 ya kwanza ndipo mruhusiwe kuihamishia vocha kwingine. Ulizeni hilo kwenye simu ile ya kwanza, pamoja na yale maswali matatu, na jibu liandikwe kwenye daftari kwenye ukurasa wa ofisi hiyo.